Brashi ya Nyegere na Kidevu cha Mzee Theonest

Jumamosi, 6 Oktoba 1951

Jashvant mwenye duka kafungua kasha jipya leo. Ndani yake – brashi za kunyolea! Tatu! Nilimwacha mteja barazani, nusu ya uso ina povu, nusu haina, nikakimbilia ndani. Mteja naye akanifuata na taulo shingoni, anataka kuona.

Tangu nitoke jeshini sijashika brashi ya maana. Kule Burma mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa Kapteni wetu kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Bakuli hakuna. Unalowesha brashi, unaisugua kwenye sabuni, halafu povu unalitengenezea usoni kwake mwenyewe. Unazungusha, unazungusha, mpaka kila unywele unasimama. Ndipo wembe unapita kama haupo. Hapa Kalangalala napaka povu kwa kiganja, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Aibu, Selestine!

Na niseme ukweli, maana daftari hili ni langu peke yangu. Brashi naitaka kwa ajili ya uso mmoja tu. Uso wa Mzee Theonest, karani wa stoo ya mgodini, baba yake Generosa. Mwaka jana alidokezewa habari zangu akauliza, yule kinyozi? Nimekaa kwenye kiti chake mara moja kanitoa damu mara tatu, leo nimpe binti? Na kweli nilimtoa damu. Ndevu zake zimejikunja, zinarudi ndani ya ngozi. Vipele vitupu. Kiganja hakiziwezi. Nikiushinda uso ule, nimempata Generosa. Basi.

Jumapili, 7 Oktoba

Misa. Generosa kanipita mlangoni, hakunitazama, kanong'ona: umeziona brashi? Habari zimeshafika hata kwake na walimu wenzake wa misheni! Nikasema nimeziona. Akasema uchague vizuri, baba kajikuna kidevu wiki nzima. Gauni la buluu. Mahubiri sikusikia hata neno.

Jumatatu, 8 Oktoba

Jashvant hataki brashi iloweshwe. Ukilowesha, umenunua! Kwa hiyo nachagua kavu – naigandamiza kiganjani, kisha shavuni, macho nimefumba. Wateja wa sukari wananicheka.

Ya kwanza nywele zake ngumu, zinachoma kidogo. Nikauliza ni za nini. Jashvant kakohoa. Kasema, ndugu yangu, sikufichi, ni nguruwe. Rudisha! Nusu ya wateja wangu ni Waislamu. Nimpake mtu nguruwe usoni Ijumaa asubuhi? Si nitahama mji?

Ya pili nene kama ngumi yangu, ncha nyeupe, laini kama kifaranga. Jamani! Nilipoiweka shavuni nilitaka kulala palepale. Ya tatu fupi, imejaa, mpini mweusi, wala haipendezi. Hizi mbili ni za mnyama mmoja. Jashvant kanionyesha picha kwenye boksi, mnyama ana mistari usoni. Nani huyu? Kasema nyegere. Nyegere wa Ulaya.

Maduhu akasikia. Maduhu ni fundi viatu, tunakaa baraza moja, mimi kulia yeye kushoto. Aliingia na kiatu cha mtu mkononi. Nyegere! Nani hajui wivu wa nyegere? Dume hataki hata upepo umguse jike wake. Ukitupaka huyo usoni, anasema, wanaume wote wa Kalangalala watafungia wake zao ndani. Duka zima kicheko. Jashvant kajitetea, eti wa Ulaya hana wivu, kule kuna baridi.

Sijaamua. Moyo uko kwa ile nene.

Jumanne, 9 Oktoba

Jana nilikuwa mjinga. Leo nimezigandamiza tena, nikiuwaza uso wenyewe. Ile nene inalala! Ukiisukuma shavuni inajilaza pande zote kama nyasi alizolalia ng'ombe, na haiamki. Kwa bakuli ingefaa. Lakini usoni? Kwenye ndevu zile za Mzee? Ingezibembeleza tu, nazo zingeendelea kulala. Ile fupi ukiisukuma, nayo inakusukuma. Ina mgongo! Na ncha yake haichomi hata kidogo. Nikaizungusha kidevuni kwangu, kavu hivyohivyo, nikahisi ndevu zinaamka.

Nikalowesha kidole mdomoni nigusie ncha. Jashvant akapiga makofi: umenunua!

Haya. Nimenunua.

Alhamisi, 11 Oktoba

Inanuka! Mungu wangu! Nimeitia maji ya moto tu, chumba kizima kikanuka beberu aliyenyeshewa. Maduhu kasema nyegere kafufuka. Sabuni. Ndimu. Jua. Sabuni tena. Mama mwenye nyumba kagonga mlango kuuliza nimeficha nini. Siwezi kumpaka mtu balaa hili, hata adui.

Jumamosi, 13 Oktoba

Harufu imekwisha!

Mteja wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe, mbele ya kioo. Maji ya moto, sabuni, kisha usoni. Mwanzo povu jepesi, la maji maji. Usiliogope, zungusha tu. Likaanza kuwa zito, jeupe, likashika. Nikaingia chini ya pua kwa ncha, nikashuka shingoni. Wembe ulipopita sikuusikia. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Mchana wakaja wachimbaji wa zamu ya asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Wa kwanza alipoguswa na brashi alinyamaza katikati ya tusi. Nilipomaliza kashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, akakaa tena kitini! Wenzake wakamvuta. Maduhu naye, mtu mwenye ndevu nne, kanyolewa. Kasema leo akifika nyumbani atauliza mke wake alikuwa wapi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Mzee Theonest kasimama ng'ambo ya barabara na mwavuli wake. Anatazama. Mkono kidevuni. Kaondoka. Karudi. Kaondoka tena. Sikumwita. Samaki haitwi.

Jumatano, 17 Oktoba

Amekaa! Amekaa kwenye kiti changu!

Shikamoo, mzee. Marahaba. Akanyoosha kidole: likitoka hata tone moja, ndiyo mwisho. Nikaitikia tu. Nikamfunika taulo la moto, nikahesabu mpaka mia. Kisha brashi. Nilizungusha nikipanda dhidi ya ndevu, polepole, mahali pa vipele nikazidi kuwa mpole. Nikaona mabega yake yanashuka. Halafu mikono ikaachia mpini wa mwavuli. Wembe kwa kufuata ndevu tu, sikuwa na tamaa.

Tone? Hakuna!

Kajipapasa kushoto. Kulia. Kushoto tena. Kasema: Hm. Akaenda zake. Maduhu kauliza, hm ndiyo nini? Sijui, lakini haikuwa hm ya hasira.

Jioni Generosa kanitumia neno. Baba kapita mbele ya kioo mara nne kabla ya chakula. Ninampenda msichana huyu, jamani!

Jumamosi, 27 Oktoba

Anakuja kila baada ya siku moja. Vipele vimekauka. Jana hakuwa na hata unywele wa kunyoa! Nikamwambia, mzee, hapa hakuna kitu. Kasema wewe pakapaka tu. Kalala. Kakoroma! Watu wawili walisimama kungoja na hakuna aliyethubutu kumwamsha karani.

Alipoamka kaitazama brashi, kaniambia nisiwe naipakaza kwa kila mpita njia. Maduhu kapiga goti kwa kicheko: sikusema mimi? Wivu wa nyegere umeshamwingia!

Sasa ndiyo wakati. Maduhu kakubali kuwa mshenga wangu. Ni mtu mzima, ana maneno, na viatu vyake siku hiyo vitang'aa.

Jumatatu, 29 Oktoba

Maduhu karudi. Kapokewa vizuri, kapewa kiti, kapewa kuku! Mzee kanisifu. Kijana ana adabu, ana mkono mwema, hana pombe. Maduhu akadhani mambo tayari. Halafu Mzee kasema: nitafikiri. Hana haraka, eti.

Nitafikiri! Ukimsifu mtu hivyo unafikiri nini tena? Sijala.

Alhamisi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimejua. Nimekaa chini ya ukuta wa kanisa nikashika kichwa.

Generosa kaniambia hivi. Baba hakukatai. Anakutaja mezani kila siku. Lakini katika ukoo wao mkwe hamgusi mkwewe. Hata mkono hawapeani, sembuse kushikana kidevu! Siku Mzee atakayopokea posa yangu, ndiyo siku atakayonipoteza kama kinyozi, mpaka mmoja wetu azikwe. Mama yake alimuuliza, baba Generosa, unangoja nini? Kajibu: vipele vitarudi.

Vipele vitarudi!

Nami nilijua. Hata kwetu Tinde mkwe huinamiwa kwa mbali. Nilijua tangu utoto – nikasahau! Brashi ilinipumbaza. Nilitaka kumfurahisha mkwe wangu kwa kitu ambacho kwa mkwe hakiruhusiwi. Heri ningenunua ile nene. Ningenunua ya nguruwe!

Generosa alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi pia mwishowe nikacheka. Lakini alipoondoka alikuwa anafuta macho, na si kwa kicheko tu.

Jumamosi, 3 Novemba

Shauri langu: nimfundishe Maduhu. Awe yeye mkono wa Mzee.

Nikakaa mimi kitini. Nikamweleza, zungusha, usisugue mbele na nyuma. Kasema ameelewa. Akaitazama brashi, akaitemea mate! Mazoea ya kiwi! Halafu akanikamata kichwa akaanza kushoto-kulia, kushoto-kulia, mpaka shavu likawaka moto. Jashvant alitoka dukani kutazama, akasema naona sura yangu humo. Hapana. Maduhu abaki na viatu.

Jumanne, 6 Novemba

Shauri la Generosa lilikuwa zuri zaidi. Mkono haumgusi mkwe, lakini zawadi inaweza kumfikia. Basi Maduhu apeleke brashi yenyewe, iwe nyongeza ya mahari, Mzee ajipake mwenyewe nyumbani.

Iliniuma, sifichi. Niliiosha, nikaikung'uta, nikaifunga kwenye kitambaa cheupe.

Imerudi leo leo. Mzee alijaribu mara mbili. Povu liliingia masikioni, likaingia puani, kidevu hakikupata kitu. Kaifunga upya vizuri kabisa, kamkabidhi Maduhu na maneno: brashi bila mkono ni mkia wa mnyama tu.

Sijui nifurahi au nilie. Hakuna aliyewahi kuusifu mkono wangu hivyo. Wala hajaja kitini tangu nilipomnyoa Jumamosi. Ndevu zinaota. Generosa anasema zimeshaanza kujikunja, na baba yake anazungukazunguka uani na mwavuli wakati hakuna jua wala mvua.

Alhamisi, 8 Novemba

Hajaja. Nimemwambia Maduhu arudi kwake Jumamosi, mara ya pili na ya mwisho. Akikataa, akatae. Kungoja kunaniua.

Jumamosi, 10 Novemba

Maduhu aliondoka saa mbili, viatu vinawaka. Mimi barazani, nanoa wembe usiohitaji kunolewa.

Saa tatu – namwona Mzee Theonest mwenyewe anakuja! Peke yake! Bila mwavuli! Nikasimama. Shikamoo, mzee. Marahaba. Kakaa. Kashusha kichwa nyuma, kafumba macho.

Nikasema, mzee, nyumbani kuna mgeni.

"Najua. Nimemwacha anakunywa uji."

Anangoja jibu, mzee.

"Angoje."

Taulo. Maji. Brashi. Ndevu za wiki nzima, ngumu, na vipele viwili vipya chini ya taya. Nilizungusha mpaka povu likawa zito kama maziwa mgando. Nikachukua wembe. Kanisikia nikiufungua.

"Usilete wembe. Acha likae."

Nikaacha. Likaanza kukauka. Kasema paka tena. Nikapaka. Likakauka. Kasema paka tena, nikapaka la tatu, na sasa nimekaa kwenye kigoda cha Maduhu nyuma ya kiti chake, naandika kwa penseli kwa sababu mikono haina la kufanya. Kuna wateja wanne wamesimama. Jashvant kajiegemeza mlangoni.

Sasa hivi kanena, macho bado kafumba:

"Selestine."

Naam, mzee.

"Leo usiwe na haraka, mwanangu. Nikishatoka kwenye kiti hiki, mkono huo haunigusi tena."

Mwanangu! Kasema mwanangu! Siwezi kuandika sawasawa. Nataka kukimbia mpaka misheni, nataka kumkumbatia Jashvant, nataka kulia. Siwezi chochote kati ya hayo, uso wake uko mikononi mwangu.

Povu limekauka. Anagonga mkono wa kiti kwa kidole. Anataka la nne.