Marehemu wa Ukutani Bado Anakoroma

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu wa dawatini, na hata sasa naandika huku mkono mmoja umefunika karatasi ingawa chumbani niko peke yangu. Mimi ni msichana wa sekondari, mwenye haya kiasi kwamba mwalimu akiita jina langu naitika moyoni. Shuleni tunasoma kwa lugha nyingine, na kwa lugha hiyo naweza kukueleza vizuri tu jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, lakini jambo linaloniuma huja kwa lugha hii ninayogombezwa nayo nyumbani, kwa hiyo nivumilie.

Baba yangu ni fundi fremu. Watu humletea picha azitie fremu na kioo, na wengine wakishaziacha hawarudi, sijui wamesahau au wamegombana na waliomo pichani, na picha ikikaa karakanani mwaka mzima bila mwenyewe kuifuata baba anaileta nyumbani na kuitundika sebuleni, kwa sababu anasema picha ikiachwa sakafuni inanuna. Basi sebule yetu ni maharusi tusiowajua, mahafali ya watoto wa watu, milima, farasi, na bibi mmoja mwenye jicho kali ambaye mama kamhamishia nyuma ya mlango ili apate kula kwa amani. Mgeni akija haketi kwanza. Anazungushwa ukuta mzima, baba mbele na maelezo, chai inapoa, na mwisho baba husema maneno yale yale: "Hizi si zangu. Nawatunzia wenyewe. Siku mwenyewe akija, anapewa yake."

Sasa siri yenyewe. Mimi huchora. Nachora kwa rangi zinazobaki kwenye makopo na kwenye vipande vya kadibodi anavyotupa baba, na kila nikimaliza nusu nachana. Ila moja niliimaliza. Jumapili moja baada ya chakula nilikuwa nimekaa sakafuni, baba yuko kwenye kiti chake kichwa nyuma, mdomo wazi, mkono juu ya tumbo, ndara moja inaning'inia kwenye kidole gumba, ile ndara iliyokatika mkanda akaufunga kwa waya wa kutundikia picha. Nikamchora vile vile kutoka chini, kidevu, matundu ya pua, vinyweleo na vyote. Nikatamani baba aione, lakini nikatamani zaidi nisikie atasema nini kabla hajajua ni yangu, kwa hiyo nikaichomeka katikati ya picha za karakanani zisizo na wenyewe nikatoka mbio kama nimeiba.

Mshauri, aliipenda! Aliitazama siku nzima. Kuna mti mweusi wa mpingo alikuwa ameuweka nyuma ya mlango wa karakana tangu mimi mdogo, wateja wameuomba mpaka wamechoka, yeye anawajibu, "Huo una mwenyewe." Akaukata akaitengenezea picha yangu fremu, akaitundika juu ya kiti chake kabisa. Nilienda kulia chooni kwa furaha.

Tatizo, hakujitambua. Nani anajijua akiwa amelala? Na baba ana msimamo wake: "Mimi silali mchana. Nafumba macho nawaza." Basi kila mgeni anapofikishwa pale baba anamnyooshea kidole yule mtu wa pichani: "Tazama hilo tumbo! Huyu hajawahi kushika msumeno huyu." Wageni wanatazama picha, wanamtazama baba, wanatazama ule waya kwenye ndara ya pichani na ule waya kwenye ndara aliyovaa, wanameza chai. Shangazi alijaribu: "Kaka, mbona huyu kama namfahamu?" Baba akamjibu, "Wavivu wote wanafanana, dada." Mama aliingia jikoni akafungulia bomba ili tusimsikie akicheka.

Ningenyamaza mpaka nizeeke. Lakini wiki iliyopita mjomba alikuja na rafiki yake, bwana mmoja aliyevaa skafu jua likiwaka. Akazungushwa. Kwenye picha yangu akasimama sana, akauliza ya nani, baba akasema mwenyewe hajulikani. Yule bwana akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Hatimaye nimeiona. Hii niliichora mimi. Huyu ni baba yangu mzazi, marehemu sasa." Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Mdomo niliufungua, mshauri, naapa niliufungua, hewa tu ikatoka.

Baba alimkumbatia. Akamwomba radhi kwa habari ya tumbo. Akamwahidi kwamba Jumamosi hii aje achukue picha yake, kwanza yeye aing'arishe fremu, maana hawezi kumkabidhi mtu mzazi wake ana vumbi. Tangu siku hiyo akipita pale anavua kofia. "Punguzeni redio," anatuambia, "kuna marehemu hapa." Na mama kutoka jikoni: "Marehemu gani anaongezewa wali mara mbili?"

Nikinyamaza, Jumamosi inaondoka picha pekee niliyowahi kuimaliza, pamoja na ule mti. Nikisema, baba atajua kwamba mvivu aliyemcheka mbele ya wageni wote ni yeye, na aliyemweka pale ni mimi. Nifanyeje?

Nasikia ndara koridoni. Ile nzima inapiga pa, ile ya waya inakwaruza. Siku zote karatasi ingekuwa imeshaingia chini ya godoro, na mkono umeanza kwenda wenyewe, nimeurudisha. Amefika mlangoni. Siifichi.

Wako, Mwenye Haya


MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, pole. Barua yako nimeitanguliza mbele ya watu wanaolalamikia mawifi zao, ili ikuwahi kabla ya Jumamosi. Mawifi wapo tu.

Sasa nikugombeze. Uliificha kazi yako kwenye picha za watu ili usikie sifa bila kuonekana, na sifa ukazipata, tena nyingi. Ukasimama na sinia lako ukimwacha baba mtu mzima ajitukane tumbo lake mwenyewe mbele ya dada yake. Kuwa na haya si kosa, hata mimi nilikuwa nayo mpaka nilipoolewa. Lakini haya yako sasa imeanza kuwapakulia watu mali yako. Hebu mfikirie huyo wa skafu. Yeye hajachora hata ukucha, akasema "yangu" mbele ya watu na kikohozi juu. Wewe umechora mpaka vinyweleo vya pua, ukanyamaza! Kati yenu nani alipaswa kuona aibu?

Na unamwogopa baba bure. Ulitaka kujua atasema nini kabla hajajua ni yako. Ameshasema. Amesema kwa ule mti aliowanyima wateja miaka yote. Hakukuhurumia wewe mtoto wake, aliipenda picha ya mtu asiyemjua. Kuna wachoraji wazima wanaotafuta jambo hilo maisha yao yote.

Nilikuwa nimefika hapa, nikitaka kukuamuru ukamwambie leo leo, ndipo nikageuza karatasi yako. Nyuma kuna maneno ya penseli nene ya seremala, na nayanakili yalivyo:

"Mshauri, anayeandika ni marehemu. Karatasi nimepewa mkononi, mwenyewe amesimama amefumba macho kama anangojea kung'olewa jino. Nimeisoma, ikabidi nikae. Kwanza ieleweke kwamba mimi silali mchana, nawaza. Ule mti nilikuwa nasema una mwenyewe, lakini mwenyewe nilikuwa simjui mpaka leo. Miaka yote nawatilia watu fremu picha za watoto wao, na ukutani kwangu sikuwa na cha mtoto wangu hata kimoja. Sasa yule bwana nimeshampa neno langu kwamba Jumamosi achukue. Mimi neno langu sijawahi kulivunja. Na mama watoto bado anacheka. Nishauri."

Haya, baba mtu, mwanao nimeshamaliza naye, sasa zamu yako. Neno lako silo ulilompa mwenye skafu. Neno lako ni lile unalowaambia wageni wote: mwenyewe akija, anapewa yake. Mwenyewe amekuja. Ametembea mpaka mlangoni na karatasi mkononi, na kwa mtoto wa aina yake hiyo ni safari ndefu. Mpe.

Na wewe binti, chukua rangi uandike jina lako pembeni mwa picha, mbele, si nyuma, tena kwa herufi ambazo shangazi atazisoma bila miwani. Jumamosi usishike sinia, sinia ashike mama akiweza kuacha kucheka. Mlango ufungue wewe. Mgeni umzungushe wewe, kuanzia kwa bibi mwenye jicho kali mpaka kwenye fremu nyeusi, na hapo umwambie kwa sauti ya kusikika, "Hii nimechora mimi." Kama sauti itagoma, nyosha kidole kwenye jina.

Baba awe ameketi kwenye kiti chake pale pale chini ya picha, kichwa nyuma, ndara yenye waya ining'inie kidoleni, akiwaza kwa nguvu zake zote. Yule bwana atakuwa na nafasi ya kumsalimia mzazi wake. Kama naye anasoma ukurasa huu, aokoe nauli yake.

Na mgeni akishaondoka, binti, ukute baba anaendelea kukoroma, mwache. Kaa sakafuni uchore nyingine.