Friji ya Rejaf Ambayo Sikuifungua

Juba, Jumatano alasiri

Nekesa, binti yangu,

Naogopa. Nimeanza na neno hilo kwa sababu hukupenda nizunguke. "Mzee Lado, ripoti si hotuba ya harusi," ulikuwa ukiniambia, huku ukiikata aya yangu ya kwanza kwa kalamu nyekundu. Basi, naogopa, na sina mwingine wa kumwambia atakayeelewa kwa nini mzee wa umri wangu ana hofu tangu Jumamosi kwa sababu ya friji.

Kwanza habari za hapa. Ofisi imehamia Hai Malakal, kwenye nyumba ya bati ambayo mvua ikinyesha mkutano unasimama, hatusikiani. Kikombe chako kipo. Hakuna anayekinywea, na hakuna mwenye moyo wa kukiweka kabatini. Kwenye kiti chako cha mwenyekiti wa jopo amekaa Akol, yule mchumi uliyesema anahesabu hata pumzi zake. Ni mtu mwema. Na mwongozo wako umekamilika, ule wa kuwatibu akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, uliouandika mpaka juma lile tulipokupeleka uwanja wa ndege ukiwa huwezi kusimama. Una jalada la buluu. Ukurasa wa pili una jina lako na maneno ya kukukumbuka. Kesho asubuhi jopo linakutana kuupitisha, kisha unachapwa na kupelekwa kwenye kila kituo cha afya.

Ndani yake mna sentensi moja. Inasema sindano ya zamani ya kuzuia damu, ile inayotaka baridi, iendelee kutumika penye friji, na ile mpya inayostahimili joto ipelekwe tu kule kusiko na friji. Ulilinganisha dawa hizo mbili miezi mingi. Ulisoma tafiti za nchi nyingine, halafu ukasema zote hazitoshi mpaka tujue vituo vyetu vinaitunzaje dawa. Hapo ndipo uliponituma mimi, mwalimu mstaafu anayejua Kibari, Kiarabu cha Juba, na Kiswahili nilichorudi nacho kutoka miaka yangu ya ukimbizi Eldoret.

Unazikumbuka fomu zako. Kila swali lilikuwa na visanduku viwili, "nimeona" na "nimeambiwa." Watu walikucheka. Ulisema mtu mkweli kabisa anaweza kukuambia jambo, na mgonjwa akafa vilevile.

Rejaf nilitia alama kwenye "nimeona." Sikuona.

Nisikilize kidogo, si kwa kujitetea. Rejaf ni kwetu. Niliondoka kijana mwenye viatu vya kuazima, nikarudi na mvi. Siku ile kituoni nilimkuta mkunga msimamizi ni Poni, mke wa mtoto wa marehemu ndugu yangu. Aliniletea kiti kivulini, akaniletea maji, kisha chai, akainama kunipa kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walinisalimia mmoja mmoja wakilitaja jina la baba yangu. Miaka yote ya Eldoret sikuwahi kulisikia jina hilo kwenye kinywa cha mtu mwingine. Nilipomuuliza Poni kuhusu friji, aliionyesha kwa mkono kupitia mlangoni. Ilikuwa pale, nyeupe, imefungwa. Nimwambie mkamwana wangu aifungue mbele ya watu, nichungulie ndani kama askari wa forodha? Nilishindwa. Kwetu baba mkwe hapekui vyombo vya mkamwana. Nikaandika kwamba friji inafanya kazi na dawa iko kwenye baridi.

Jumamosi nilikwenda tena Rejaf, kuangalia shamba. Poni alinisindikiza barabarani akanisimulia habari za mama mmoja aliyejifungua juma lililopita. Alimchoma sindano, damu haikukoma. Akamchoma ya pili. "Ilikuwa kama namchoma maji, Baba." Walimpakia kwenye boda, dereva mbele, dada yake nyuma akimshikilia kiuno, wakamkimbiza Juba mjini. Amepona. Lakini Poni aliposema hivyo alikuwa anaviangalia viganja vyake.

Nikamwomba turudi kituoni, na safari hii niliifungua mwenyewe. Vichupa vya dawa vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye trei, kando ya nyanya za mtu na chupa za maji ya kunywa. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya uvuguvugu. Betri ya sola ilikuwa imekufa tangu kabla ya ziara yangu ya kwanza.

Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Uliuliza kama friji iko, Baba. Si iko? Halafu ukanywa chai, ukasifu sukari."

Alisema akicheka. Mimi niliurudisha mlango wa friji, nikaufunga.

Rejaf sasa najua. Ninachoogopa zaidi ni vituo vingine nilivyotembelea kwa niaba yako. Kwa viwili, nikikaa kimya nikajaribu kukumbuka, nakiona kiti nilichokalia, nayaona mazungumzo, lakini mlango wa friji siuoni ukifunguka. Fomu zinasema nimeona. Mwandiko ni wangu. Wewe uliziamini, ukajumlisha, ukaiandika sentensi ile.

Jumatatu nilimwambia Akol. Alisimama akafunga mlango. Alisema wafadhili wanasubiri, tukiahirisha tena wataondoka, na mwongozo wote utalala, pamoja na yale yaliyo sawa ndani yake. Kisha akasema kwa upole kabisa: "Tupitishe Alhamisi, Mzee. Mwakani tutasahihisha, tuseme marehemu alichanganya fomu alipokuwa mgonjwa. Nani atamlaumu mgonjwa?"

Nitakuambia jambo ninalolionea aibu kuliko yote. Nilifarijika. Kwa muda wa kumaliza glasi ya maji, nilifarijika, kwa sababu wewe huwezi kukana. Kisha nikamfikiria mama yako Bungoma akisomewa hayo. Nikawafikiria akina mama watakaochomwa dawa iliyokufa mpaka hiyo mwakani, kila mmoja na dada yake nyuma ya boda. Nilitoka nje bila kuaga.

Sijawa shujaa, Nekesa. Naogopa watanicheka. Naogopa Poni atafukuzwa kazi, na Rejaf watasema huyu mzee alirudi kutoka ughaibuni ili amuuze mke wa mwanawe. Kuliko yote naogopa kwamba kesho nitainuka, sauti ikatae, nami niseme, hakuna kitu, mwenyekiti, tuendelee. Najijua. Nimenyamaza mara nyingi maishani ili nipate mahali pa kukaa.

Kwa hiyo nimejifungia njia ya kukimbia. Jana nilikwenda kumweleza Poni kabla sijaandika lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Andika na jina langu. Andika niliomba betri nyingine, nikaomba tena, wakasema malesh, si kitu, subiri." Leo asubuhi nimekwenda sokoni Custom, nimechapisha barua ya ukurasa mmoja, nimeitia sahihi, na nimempelekea kila mjumbe wa jopo nakala yake mkononi. Imesema fomu zile nilizijaza mimi, ikaeleza jinsi nilivyozijaza, na kwamba wewe hukukosea popote isipokuwa kuniamini. Inaomba ile sentensi iondolewe, mengine yapite, na dawa inayostahimili joto ipelekwe Rejaf bila kungoja.

Hawajajibu. Akol ameshapiga simu mara nne.

Pumzika, binti yangu. Nakuahidi nitavirudia vituo vyote, hata kama jopo litakuwa limenifukuza, hata kwa miguu, na nitaandika upya kila fomu. Nikimaliza nitapanda basi nije Bungoma, nimsomee mama yako matokeo yote, mazuri na mabaya, kwa sauti, kando yako.

Simu inaita tena. Naipokea.

Mzee wako,
Lado