Usifungue Tanuru la Mayu

Muscat, Jumapili

Nkwabi mdogo wangu,

Mwangaluka! Hamjambo hapo Somanda? Mgongo wa Mayu, mama yetu, unaendeleaje? Nakuuliza kwa barua kwa sababu simu yako umeizima tangu nikukaripie. Mimi mzima, ila moyo unachemka.

Matofali ya nyumba ya mama yetu yamepasuka tanuru zima, na bado unamwambia, "Dada Kabula alinipa siku pungufu." Mimi? Siku za kupoza nilizokupa ni za tanuru langu dogo, lile lililonitoa kwenye vibarua vya kupalilia pamba. Wewe umepanga lenye upana mara mbili, urefu mara mbili, kimo mara mbili. Piga hesabu, ngosha! Ngozi inayotoa joto imeongezeka mara nne, tumbo linaloshika joto mara nane. Halafu eti, "Nilipapasa nje, palikuwa pa baridi, nikafungua."

Hapa kiwandani tunachoma vigae. Juzi jioni tukisubiri tanuru lipoe, msimamizi wetu, mama wa Kihindi anayependa mambo ya anga, alituonyesha mwezi. Alisema ulianza ukiwa mwamba ulioyeyuka. Ngozi ikaganda mapema, tumbo likabaki na moto. Ndani ya mawe yake kuna chembe zinazovunjika polepole na kutoa joto, kama pumba za mpunga zinavyoungua chini ya majivu. Basi miaka mingi baada ya juu kuganda, uji wa mawe ulipasua njia ukamwagika. Yale madoa meusi ndiyo huo uji. Kwa udogo wake umepoa upesi kuliko dunia, lakini hata leo kiini chake ni cha moto, na kadiri unavyopoa unasinyaa, ngozi inapasuka.

Wenzangu walishangaa. Mimi nilikasirika upya.

Sasa nasikia umechoma tanuru la pili, kubwa vile vile, na unataka kulifungua wiki hii eti fundi ana haraka. Usiguse! Likipasuka na hili, mvua ikianza hakuna tofali jipya litakalokauka tena, na Mayu atalala mwaka mwingine chini ya bati linalovuja. Chomoa tofali moja la juu, penyeza kijiti kirefu hadi katikati. Kikitoka kinanuka moshi, kandika udongo, nenda zako.

Msalimie shangazi anayemkanda Mayu mgongo, na mkeo, ambaye nasikia alikukataza ukamcheka.

Barua hii anakuja nayo Shija, jirani yetu, anarudi likizo. Nimemwagiza amsomee Mayu kwanza, na Mayu aweke kigoda chake mbele ya mdomo wa tanuru. Mimi unaweza kunizimia simu. Tuone utakavyomwondoa yeye kwenye kigoda.

Dada yako, bado nina hasira,
Kabula