Wimbo wa Kukanyagia Udongo

Isevya, Jumanne, 3 Septemba 1974. Mwezi wa tano tangu nitoke nyumbani Ziba.

Tangu ile barua ya mke wangu sikuwa nimeimba hadi leo. Wamehamishiwa kijiji kipya, yeye na watoto, na nyumba bado haina paa. Nilijiambia, kwa hilo simsifu Mungu.

Lakini sisi tunaokanyaga udongo wa matofali hufuata wimbo, na anayeanzisha ni mimi. Leo tulikanyagana miguu, udongo ukabaki mabonge. Mzee Hamisi, Mwislamu tunayekanyaga naye, akaniuliza, "We Mmoravian, nyimbo zako nazo zimehamishiwa kijijini?"

Wakacheka wote. Nikaanza utenzi wa sifa, kwa hasira tu.

Kufika ubeti wa tatu hasira ilikuwa imepungua. Paa bado halipo na hofu ninayo. Ila wote wako hai, na kwa hilo sikuwa nimeshukuru hata siku moja. Nilikuwa nangoja moyo utulie ndipo nisifu. Kumbe kusifu ndiko kunakoutuliza.

Kesho nitaanza kuimba kabla sijaulizwa.

Nimemwandikia mke wangu: tanuru la mwisho tunachoma Oktoba. Mwanzoni mwa Novemba niko nyumbani, niezeke kabla ya mvua.