Friza ya Akina Mama Imetuma Ujumbe

Kaka Hamisi,

Imefanya kazi! Nacheka huku machozi yananitoka, na sijui nianzie wapi.

Tangu tulipokuzika sikuigusa kompyuta yako. Mama yako alinikabidhi mwenyewe siku ya arobaini, akasema, "Salma, ufundi wake alikufundisha wewe. Chukua, mimi nitaishia kuitazama tu." Nikaiweka kabatini chini ya kanga. Niliogopa kuifungua.

Mwezi uliopita akaja kwenye kibanda chetu cha ufundi Bi Zuhura, yule wa kikundi cha akina mama wauza pweza hapa Kivinje. Friza yao ilizimika bila mtu kujua, pweza wote wakaoza, wakaenda kuwafukia. Akaniuliza, "Marehemu alimwekea mama yake taa inayowaka yenyewe jua likizama. Hii friza yetu haiwezi kusema ikiugua?"

Ndipo nikaifungua. Nikakuta vile vipande vya kodi, yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta, ulivyovitunza kama mbegu. (Mama yako akisikia kodi alidhani unadaiwa na mwenye nyumba!) Kimoja cha kusoma joto, kingine cha kutuma ujumbe kwenye simu, kingine cha kuonyesha kipimo kwenye ukurasa wa mtandao. Nikaviunga vyote vitatu kwenye kifaa kidogo cha kupima joto ndani ya friza, nikaweka namba yangu na ya Bi Zuhura, nikajiona fundi.

Ikanigomea, kaka. Friza ikifunguliwa kidogo tu, ujumbe, ujumbe, ujumbe. Bi Zuhura akasema inambwekea kama mbwa. Siku nne nahangaika, nikawa nakaribia kumwambia nimeshindwa. Nikarudi kwenye kile kipande cha joto, nikakisoma mstari kwa mstari. Katikati, pale ulipokuwa ukiandika maelezo ya binadamu ambayo kompyuta inayaruka, nikakuta: "Salma, ukifika hapa usikurupuke. Pima mara tano kwanza, ndipo uamini."

Jina langu. Uliliandika lini? Ulikuwa umeshaanza kuumwa? Nililia mpaka fundi cherehani wa jirani akaacha nguo za watu akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikajifuta, nikaandika mistari ya kupima mara tano.

Ijumaa iliyopita, wanaume wako msikitini, simu ikalia: "Friza inapata joto." Nilitoka mbio, kanga mkononi! Kumbe mtu kachomoa waya wa friza ili achaji simu yake. Pweza walikuwa bado wagumu kama mawe. Bi Zuhura akapiga vigelegele peke yake, kisha akanikumbatia: "Mungu amrehemu Hamisi, na wewe akupe umri."

Basi habari zimesambaa. Mama mmoja mfuga kuku wa Mingoyo ananiita, vifaranga wake wanakufa kwa baridi. Kipande ni kilekile, kaka! Cha friza kinaogopa joto, cha kwake kitaogopa baridi. Nimegeuza alama moja tu, ya "zaidi ya" ikawa ya "chini ya".

Na vipande vyako vyote nimeviweka mtandaoni, bure, jina lako juu. Jana mtu wa Sudi nisiyemjua kaandika kwamba pampu ya tanki lake sasa inajizima yenyewe maji yakijaa.

Jumamosi nakwenda Mingoyo. Mama yako kasema hakai nyumbani tena, tunakwenda wote akaone hao vifaranga, mkoba ameshaufunga. Nakuahidi nitamshika mkono njia nzima.

Pumzika, kaka yangu. Huku tuko kazini.

Mdogo wako,
Salma