Mapafu ya Delphin

Bunia, Mudzipela, tarehe 9 Machi 2025

Séphora mwanangu,

Bwana asifiwe. Siye huku tuko wazima, ni mguu wangu tu unaonisumbua mvua ikinyesha. Na weye, Kampala wanakulisha vizuri?

Nimepiga kwa simu ile picha ya eksirei ya mapafu ya Delphin, jirani yetu mchimba dhahabu, nikakutumia. Anakohoa tangu Noeli. Daktari alimwambia arudi kupimwa makohozi, lakini anaogopa. Nikamwambia mtoto wangu anafundisha kompyuta kusoma picha za mapafu, atulie. Usiniangushe, nimeshajisifu mtaa mzima.

Mama yako, Kahindo

Kampala, 12 Machi

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana, na pole kwa mguu. Mimi ni mzima, chakula kipo, ila sombe yako ya majani ya muhogo sijaipata popote.

Mwambie Delphin kompyuta haikuona ugonjwa wowote. Unaona, Mama? Kusoma kwangu kumeanza kuwafaa watu wa nyumbani.

Binti yako, Séphora

Bunia, 14 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mwili ni mzima, moyo hapana.

Delphin alisimama kanisani akatoa ushuhuda: “Mapafu yangu iko safi, Mungu ametenda!” Tulipiga vigelegele, nami nilicheza mbele ya wote. Sasa anakohoa damu. Mke wake, Alliance, anamsihi aende hospitali. Anamjibu: “Nilisema mbele ya kanisa. Nikirudi kule, wataniita muongo.” Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wenyewe ni wangu. Nikimwona Alliance sokoni, nageuza njia.

Nifanye nini?

Mama yako

Kampala, 15 Aprili

Mama,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Naona haya hata kukuandikia.

Kazi yetu bado ni utafiti. Kompyuta ilijifunza kwa picha za watu wa nchi za mbali, ambao hawajawahi kuvuta vumbi la mawe. Tena picha iliyopigwa kwa simu huficha mengi. Hayo yote niliyajua, Mama. Nilitaka tu ujivunie mimi. Delphin apelekwe hospitali leo hii. Akikataa, simama kanisani useme kosa ni la binti yako. Taja jina langu.

Séphora wako

Bunia, 2 Juni

Séphora mwanangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nimekawia kukujibu kwa sababu ya aibu.

Delphin alikataa, basi nilisimama. Jina lako lilinishinda kulitaja. Nilisema Delphin hakudanganya mtu, ni mimi niliyempa habari ya uongo. Mchungaji akaanzisha wimbo ili nikae. Kesho yake Delphin alikubali kwenda. Ni kifua kikuu. Anameza dawa, na damu imekoma.

Jana alikuja hapa, amekonda sana. Nilitamani kujificha jikoni. Mkononi alikuwa na picha mpya ya mapafu, ile ya hospitali. Akasema: “Mama Séphora, hii ni ya mutoto wako. Mashine yake ijifunze mapafu ya siye watu wa machimbo.” Nikanyoosha mkono niipokee, nikiwa nimeinamisha macho. Akairudisha kifuani. “Hapana, mama. Akuje mwenyewe, nimupe mukononi.”

Likizo yako inaanza lini?

Mama yako, Kahindo