Baiskeli Aliyonipa Leontien

Jumapili, 7 Aprili
Kilomita hamsini na dada Leontien, hadi mji wa Brakel na kurudi. Jua! Lakini tangu kilomita ya ishirini vidole vya mkono wa kulia vilikufa ganzi, na shingo — kama nimejitwika gunia. Nikamwambia. Akacheka: baiskeli haina kosa, utazoea tu, yeye alishindana nayo miaka tisa. Alinipa nilipotimiza miaka hamsini. Kila nati kaikaza mwenyewe. Nani athubutu kuigusa?

Jumatatu, 8 Aprili
Nimekanda unga wa duka letu la mikate na sikuusikia kama umelegea au umekaza. Mikate ikatoka migumu. Mume wangu Gommaar akamega mmoja, akautazama: "Mke wangu, huu tuwauzie waashi?" Nikacheka. Kisha nikaogopa. Bila mikono hii mimi ni mwokaji gani?

Jumatano, 10 Aprili
Nimekwenda kwa fundi wa baiskeli, Odiel, bila kumwambia dada. Kama mwizi! Akaifunga baiskeli kwenye kishikilio, nikanyonga pedali papo hapo, yeye ananizunguka na kikombe cha kahawa.
"Hii umeazima?"
"Nimepewa."
"Na mtu mwenye mikono mirefu."
Akaweka pimamaji juu ya kiti. Pua ya kiti imeinama! Ndiyo maana naporomoka mbele, uzito wote unaishia viganjani. Akakisawazisha. Akakishusha sentimita moja na nusu, maana nyonga zilikuwa zinayumba kama za bata. Usukani nao mbali mno: akabadilisha shingo, kile chuma kinachoushika, akaweka fupi zaidi, akauinua kidogo. "Nenda pole pole, mama. Na wiki hii usiguse kingine."
Nikazunguka kanisa mara tatu. Viwiko vikakunjika vyenyewe. Nacheka peke yangu barabarani, mtu mzima!

Alhamisi, 11 Aprili
Kilomita thelathini. Vidole vyote kumi vipo! Goti la kushoto linalalamika kidogo, basi. Na unga — nausikia.

Jumamosi, 13 Aprili
Dada kapiga simu. Kesho tunapanda kilima cha Bosberg. Habari za fundi sikumwambia. Gommaar ananiambia nimweleze, hiyo ni baiskeli, si mwanawe wa kumzaa. Rahisi kwake!

Jumapili, 14 Aprili
Aliona hata sijashuka. "Nani kaishika baiskeli yangu?" Yangu! Nikamwaga yote: ganzi, mikate, Odiel. Akanyonga kuelekea kilimani. Tukapanda Bosberg, mawe ya barabara yanatutikisa meno. Mara ya kwanza maishani nikabaki ubavuni mwake mpaka juu.
Pale kileleni akavua glavu kwa meno. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja, havinyooki.
"Tangu lini, dada?"
"Tangu mashindano."
"Na hukusema?"
"Nimwambie nani? Kocha angempa mwingine nafasi yangu." Kisha, akitazama pembeni: "Nilidhani ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu. Ningejua, nisingekupa imefungwa vile."
Nikamshika mkono ule. Hakuuvuta.
Naandika haya mkahawani, kahawa mbili mezani, yake inapoa. Yeye yuko nje na baiskeli yake — nayo kaifunga vilevile! — na spana aliyoazima kwa mwenye mkahawa. Kashusha kiti. Kakipandisha. Kakishusha tena. Sasa anagonga dirisha, anapaza sauti nitoke upesi nimshikilie usukani, na nimwambie ukweli, pua imekaa sawa au —